Shika Drili: Wasee wa Birmingham na Raha ya Vyombo

Ukialikwa kwa keja ya Mkenya mwenye ameland Birmingham juzi juzi, kabla hata uitishe chai, cheki ukuta. Kama iko tupu, TV imekaa juu ya katoni, na suti-kesi bado iko juu ya kabati na kale ka-stika ka ndege kwa mkono, jua huyo msee hajafika. Mwili uko Small Heath, roho bado iko kwa foleni pale JKIA. Sasa ingia kwa mwenye amepiga shelfu. Shelfu moja tu, ubao wa futi tatu, skrubu nne, juu yake picha ya mathe na ka-redio. Huyo amefika. Na nasema bila kupepesa macho: viza ilimleta Uingereza, drili ndo ilimfikisha kwake.

Nataka tupige stori ya hii hobi ya vyombo vya stima, ju iko na utamu wenye wasee wengi wa kwetu hawajaonja, na hii tao ndo pahali poa kabisa ya kuuonja. Hapa siongei juu ya mafundi wa kulipwa. Naongea juu ya nas, dereva wa teksi, msee wa stoo, mwanachuo, watu wenye wakiamka Jumamosi mikono inawawasha hadi washike drili, grainda ama msumeno wa stima, na saa kumi jioni wanasimama mbele ya kitu wamefanya na hawataki kutoka hapo.

Tuanze na ganji, ju huko ndo kila mtu huanzia. Nairobi soketi ikichoma unapigia fundi. Anakuja na nduthi, bisibisi iko mfuko wa nyuma, anamaliza, unamwachia soo tano na mnaachana kwa amani. Fundi wa mawe unampata kwa kati ya thao moja na thao mbili siku nzima. Ndo maana wengi wetu tumekua tukijua namba ya fundi kwa kichwa, na hatujui kushika randa. Birmingham hiyo hesabu inakataa. Fundi wa hapa siku moja anaweza kuitisha pauni 150, na wengine wanapanda juu ya hapo. Aprili 2025 mshahara ya chini ya mtu mzima ilifika pauni 12.21 kwa saa, so kwa hiyo bei shifti ya masaa 12 ya kulea wazee ilileta karibu pauni 146, na kodi bado haijachukua yake. Ukiita fundi akuwekee shelfu na apande pazia, amemeza shifti yako nzima na bado unadaiwa. Drili ya kuanzia na betri yake unaweza kuipata kwa chini ya nusu ya hiyo, na inabaki yako.

Lakini doo inakufikisha mlangoni tu. Kuna kitu ingine inakufanya usitoke.

Wengi wetu hapa tunafanya wera ya kulea wazee, uuguzi, stoo za mizigo, teksi. Ni wera ya heshima na mimi naiheshimu sana. Shida yake ni moja: shifti ikiisha hakuna kitu ya kushika. Mzee umemwosha leo, kesho ataoshwa tena. Katoni umepakia elfu, lori imeenda, steji iko tupu na mdosi anaita lori ingine. Ukifanya hivyo mwaka mzima, unaanza kujiuliza mkono yako imeacha alama wapi kwa hii dunia. Shelfu haiendi. Ukirudi saa mbili asubuhi kutoka shifti ya usiku, macho nyekundu, miguu imefura, iko pale, imenyooka, imebeba sufuria zako. Uliipima wewe, ukaikata wewe, ukaipanda wewe. Hiyo feeling msee hawezi kukupa kwa mdomo.

Halafu kuna raha ya chombo yenyewe. Wacha nikupeleke karibu. Keja nyingi za wasee wetu, kuanzia Sparkbrook hadi Aston, ni zile nyumba za matofali za enzi ya Malkia Victoria, zimeshikana mstari mmoja mtaa mzima. Ukuta yake ya nje kawaida ni unene wa tofali moja zima, na ndani imepakwa plasta ya chokaa. Unaweka alama na penseli, unaweka pima maji, unangoja ile povu ndogo itulie katikati ya mistari miwili. Kwa ncha ya drili unafunga tepu, sentimita tano kutoka mwisho wake, ndo ujue pahali pa kusimama. Unabonyeza kifyatulio polepole. Kwanza inatoka vumbi nyeupe, laini, hiyo ni plasta. Mkono inaingia tu. Halafu sauti inabadilika, inakuwa nzito, chombo inaanza kukurudishia, na vumbi inageuka nyekundu. Umegonga tofali, na hiyo tofali labda iko na miaka 130. Unaegemea kidogo, haulazimishi. Vumbi ikibadilika tena ikawa kijivu na ncha ikazama ghafla, umeteleza ukaingia kwa chokaa ya kati ya tofali na tofali, na hapo haitashika vizuri, afadhali usonge sentimita mbili kando. Ukimaliza unapuliza shimo, unaingiza plagi ya plastiki na nyundo hadi ilingane na ukuta. Plagi nyekundu inataka shimo ya milimita 6, ya kahawia inataka 7. Halafu skrubu. Mizunguko ya kwanza ni rahisi, za mwisho zinakaza, plagi inapanuka ndani ya tofali, na mkono inaskia ile kitu imekamata. Vuta. Haisongi. Manze, utacheka peke yako kwa hiyo chumba.

Hiyo plagi yenyewe iko na historia yake. Ilibuniwa karibu 1911 na John Joseph Rawlings, fundi wa London mwenye alipewa kazi ya kupanda vitu kwa kuta za British Museum bila kuziharibu. Kabla yake ilibidi msee atoboe tundu kubwa, apige kipande cha mbao ndani, apake plasta, ndo apige skrubu. Rawlings akaja na ka-mrija kadogo na kampuni ya Rawlplug ikazaliwa.

Na drili? Wajerumani wa Fein walitengeneza ya kwanza ya kushika mkono huko Stuttgart 1895, nzito vibaya sana. Kitu ilibadilisha mchezo ni Black & Decker wa Baltimore, wenye mwaka wa 1917 walipata hati ya drili yenye ina mpini wa bastola na kifyatulio cha kidole. Hadi leo drili yoyote utashika Birmingham ama Gikomba imefuata hiyo ramani. 1961 hao hao wakatoa drili ya kwanza bila waya, na 1978 Makita wa Japan wakaingia na yao. Waingereza wa kawaida walishikwa na hii hobi baada ya Vita ya Pili, nyumba zikiwa zimebomoka na mafundi ni wachache. Miaka ya 1950 BBC ilikuwa na Barry Bucknell, msee wa kuonyesha watu kwa TV venye wanaweza kurekebisha keja zao wenyewe. 1969 B&Q ikafungua duka ya kwanza Southampton. So ukiona jirani yako mzungu wa miaka 70 ako na kibanda nyuma ya nyumba imejaa misumeno, jua alilelewa na hiyo TV. Mpe salamu. Hao wazee wanapenda sana kuulizwa maswali, na wengi watakuazima chombo siku hiyo hiyo.

Siku hizi kila kitu ni betri, na hapa ndo wasee wageni wanafaa kuchanuka mapema. Betri ya volti 18 ndani yake iko na seli zimepangwa kwa mstari wa tano, kila moja volti 3.6. Betri ya Makita haiingii kwa DeWalt, ya DeWalt haiingii kwa Milwaukee, na ya Bosch ya kijani ya nyumbani haiingii kwa zile za buluu za mafundi. Ukishanunua drili ya kwanza umechagua kabila, ju chombo ya pili na ya tatu utazinunua bila betri kwa bei ya chini ndo utumie zile uko nazo. Wasee wanabishana juu ya hii kitu venye mashabiki wa Gor na Ingwe wanabishana City Stadium, na hakuna mwenye ameshawahi kuhama. Mimi ushauri wangu ni mfupi: usinunue rangi, nunua ile yenye jirani, beste ama kazini wako nayo, muweze kuazimana. Na ukienda soko za Jumapili, zile watu wanauza vitu kwa buti ya gari, ukiona Milwaukee mpya ya bei ya mchezo na msee anaangalia angalia nyuma, wacha. Wizi wa vyombo kutoka kwa vani za mafundi ni janga kwa hii nchi. Ndo maana utaona vani nyingi zimebandikwa notisi ya kusema hakuna chombo inalala ndani. Hiyo bei poa ni machozi ya fundi mwenzako.

Sasa, kwa nini nasema Birmingham ndo pahali ya kuonja hii kitu? Ju hii tao imeishi na vyombo toka kitambo. Waliiita mji wa kazi elfu moja: bunduki, vito, kalamu, vifungo, vitanda, kila kitu ya chuma. Pale Handsworth, karibu na Soho Road, iko Soho House, nyumba ya Matthew Boulton, siku hizi ni makumbusho. Boulton ndo alishikana na James Watt mwaka wa 1775, wakauza injini za mvuke dunia nzima. Stori ya injini kila mtu aliisoma chuo. Yenye mimi napenda ni ya Watt akiwa mzae. 1800 alistaafu, doo iko, jina iko, angeweza kukaa tu akikunywa chai. Badala yake alijifungia kwa chumba juu darini, nyumbani kwake Heathfield hapo hapo Handsworth, na mashine ya kuzungusha mbao, patasi, tupa, makopo ya kemikali, na akawa anaunda mashine ya kunakili sanamu. Hakuna mtu alikuwa amemwitisha. Hakuna mdosi. Alifanya hivyo hadi akafariki 1819, na familia ikafunga mlango venye alikuwa ameacha. 1924 chumba yote ilihamishwa ikapelekwa Science Museum, London, na vitu zaidi ya 8,000 ndani yake. Hadi sakafu walibeba. Cheki stika ya chombo chochote cha kuchomeka kwa soketi: ile W baada ya namba ni jina la huyo mzae wa Handsworth. Mtu mwenye alibadilisha dunia, na raha yake ya uzeeni ilikuwa kuwa darini na vyombo.

Na kuna waya inatoka hapa hadi kwetu, tena si moja. Skrubu zenye unapiga kwa ukuta: miaka ya 1800 hii mitaa ya Birmingham na Smethwick ndo ilikuwa nyumbani kwa Nettlefold, wafalme wa skrubu, na 1854 kijana wa miaka 18 anaitwa Joseph Chamberlain alitumwa hapa kutoka London kusimamia pesa ya babake kwa hiyo biashara. Skrubu zikamtajirisha, akawa meya, akapanda hadi akawa Waziri wa Makoloni kuanzia 1895. Reli ya Uganda ilijengwa akiwa kwa hiyo kiti, na mwisho wa 1902 alishuka Mombasa akapanda hiyo treni mwenyewe. So mwenye alikuwa anasimamia makoloni ya Waingereza kutoka London alikuwa mdosi wa skrubu wa Birmingham.

Waya ya pili iko shamba. Kama ushago kwenu kulikuwa na panga yenye imechorwa mamba, kuna uwezekano mkubwa ilizaliwa hapa: Ralph Martindale walikuwa na kiwanda Alma Street, Birmingham, kinaitwa Crocodile Works, na panga zao zilienda Afrika nzima. Jembe za Chillington nazo zilitoka Wolverhampton, hapo tu kwa jirani. Shosho alilima na chuma ya hii tao miaka mingi kabla ya mimi kujua iko kwa ramani.

Ya tatu ndo inanigusa zaidi. Kuanzia 1896 Waingereza walileta Wahindi karibu 32,000 kujenga ile reli. Wengi walirudi kwao. Kati ya wenye walibaki, na wenye walifuata baadaye, walikuwa Kalasinga wa Ramgarhia, jamii ya maseremala, waashi na wahunzi kutoka Punjab. Hao ndo walikuwa mafundi wa Nairobi, Nakuru, Kisumu na Kampala: karakana, gereji, madirisha, paa za mabati. Uhuru ikakuja, halafu 1968 sheria ya Uingereza ikawafungia mlango nusu hata kama walikuwa na pasi zake, na 1972 Amin akawapea Wahindi wa Uganda siku 90 watoke. Karibu watu 28,000 walikuja Uingereza kwa hiyo ya Amin peke yake. Masingasinga wengi wa Kenya na Uganda walitulia huku kati ya Uingereza, na hadi leo Graham Street, karibu na mtaa wa sonara, kuna gurdwara ya Ramgarhia. Kaa chini na mzae wa Soho Road mwenye alizaliwa Nakuru, Kiswahili itatoka tu, na ndani ya dakika kumi mtakuwa mnaongea juu ya mbao. Hawa watu walihamishwa na dunia mara mbili. Nyumba waliacha, duka waliacha. Ujuzi wa mkono hakuna askari wa airport angewanyang'anya, na wakifika hapa walianza na hiyo. Mgeni mwenye anajua kushika chombo hana siku ya kukosa pa kuanzia.

Ndo maana inaniuma venye sisi kwetu tunacheki fundi. Nairobi tumejifunza kwamba mwenye amesoma anaita fundi, na mwenye hakusoma ndo fundi. Mtoi akifeli mtihani anaambiwa aende jua kali, ati ni adhabu. Na hao wasee wa Kamukunji wanakunja sanduku, jiko na toroli kutoka kwa bati na nyundo pekee, kelele toka asubuhi hadi jioni. Wazungu wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya 1972 wakaandika ripoti kubwa ya kusema hii sekta yetu ya vichorochoro ni uchumi kamili, sisi bado tunaificha mtoi asiione. Ukishajaribu kukata mbao moja pembe ya digrii 45 na ikatae kukutana na mwenzake, utamheshimu yule buda wa Ngong Road mwenye anafanya hivyo siku nzima chini ya jua, na msumeno wa mkono. Hii hobi imefanya wasee wengi wa hapa waanze kulipa mafundi wa nyumbani vizuri, bila kubargain hadi machozi. Hiyo mimi naiona ni faida kubwa kushinda shelfu.

Na madem? Kwetu drili iliwekwa upande wa mabuda na ikaachwa hapo. Huku manas na walezi wetu wengi ni madada, wengi wanaishi na watoi bila chali kwa nyumba, na kitanda ya mtoi inakuja kwa katoni vipande vipande. Dada mmoja namjua, nas, wa kutoka Kitale, alianza na hiyo kitanda. Sasa ako na msumeno wa duara, amejenga kabati ya viatu chini ya ngazi, imeingia kwa ile kona ya mteremko bila nafasi ya kupitisha karata. Alikata kila mlango kivyake ju ngazi haina pembe mbili zinafanana. Mtoi wake wa kike anapima na futi akimsomea namba. Huyo mtoi hataambiwa na mtu yeyote ati drili ni ya wanaume.

Kuna mambo ya kuwa rada, na hapa siwezi kulainisha ju watu wanaumia. Hizi nyumba za zamani ziko na siri. Dari yenye imepakwa ile rangi nene ya mawimbi na vichuguu, inaitwa Artex, kama iliwekwa zamani inaweza kuwa na asbesto. Asbesto ilipigwa marufuku kabisa hapa 1999, so nyumba yoyote ya kabla ya hapo usikwaruze wala kupiga msasa dari bila kupima kwanza. Inaingia kwa mapafu na haitoki, na inaweza kukuua miaka mingi baadaye. Vumbi ya tofali nayo si mchezo, nunua barakoa ya FFP3, si ile ya kitambaa. Waya za stima ndani ya ukuta kawaida zinapanda wima ama zinaenda mlalo kutoka kwa soketi na swichi, so usitoboe moja kwa moja juu, chini wala kando ya soketi ama swichi. Ka-mashine ka kutafuta waya ni pauni chache. Gesi usiguse kabisa, hiyo ni ya msee mwenye ako kwa rejista ya Gas Safe, sheria iko wazi. Kubadilisha uso wa soketi unaweza, kuvuta laini mpya ya stima ama kubadilisha boksi ya fyuzi ni ya fundi mwenye cheti. Na grainda, tafadhali, usiwahi toa ile ngao yake. Kila fundi wa Kariobangi anajua msee mwenye aliitoa.

Halafu landilodi. Wengi wetu tumepangisha. Sheria ya 2019 inasema dipositi kwa nyumba za kawaida isipite kodi ya wiki tano, na hiyo ni doo mob ya kupoteza ju ya shimo nne. So kabla utoboe, andika meseji ama imeili, omba ruhusa, weka jibu yake. Wengi wanakubali ukiwaambia utaziba ukitoka. Na kuziba ni kazi rahisi: toa skrubu, vuta plagi, jaza na fila, ngoja ikauke, msasa laini, rangi. Ukikataliwa, bado una njia. Jenga vitu vya kusimama: rafu ya vitabu, benchi, meza ya kukunja, sanduku ya viatu. Mbao za paleti zenye zimetupwa nje ya maduka, zile za kubebea mizigo, uliza mwenyewe kwanza, wengi watakuambia beba. Chagua zenye zimepigwa muhuri wa HT, hizo zilitibiwa na joto. Zenye zina MB zilipigwa dawa ya sumu, ziache hapo.

Usianze na jikoni mzima juu umeona video. Anza na shelfu. Ikishika, tengeneza ka-meza. Ka-meza ikisimama bila kuyumba, hapo sasa nunua msumeno. Vyombo vya mwanzo ni vichache: drili ya betri, pima maji, futi, msumeno wa mkono, penseli, miwani. Mengine azima. Jirani zetu Wasomali wa Coventry Road, wengine walipitia Eastleigh na Kiswahili iko, Wakongo wa mtaa, wale wazae wa Kalasinga, yule mzungu mwenye kibanda: kila mmoja ako na chombo imelala, na kuulizwa tu kunaleta urafiki wenye mngekaa miaka bila kuupata.

Na neno ya mwisho kwa wenye mnatuma mapipa na makatoni nyumbani, ju najua Krisi ikikaribia kila mtu anataka kumtumia braza fundi kitu ya maana. Plagi ya Uingereza na ya Kenya ni moja, pini tatu, na stima ya Kenya ni volti 240, so chombo ya kawaida ya hapa itafanya kazi Kayole bila shida. Lakini kuna zile za manjano za saiti za mjengo, plagi ya duara ya manjano, zinauzwa bei ya chini sana za mkono wa pili. Hizo ni za volti 110, zinatumia transfoma yake. Braza akikata hiyo plagi aweke ya pini tatu, itaungua siku ya kwanza. Betri za lithiamu nazo zinahesabiwa mizigo hatari, so mwambie mwenye kontena kabla ufunge boksi. Soma stika kwanza, hakikisha imeandikwa 230 ama 240, ndo ulipe.